Liondoke Hata Likiwa Tupu

Vijana wa kijiwe cha Kwa Ndama, jana mmeniuliza tena ninakwenda wapi kila alfajiri. Nikajibu Nyasubi. Mkauliza kufanya nini. Nikasema kushuka. Mkacheka, na mmoja wenu akasema Maganga ameshachanganyikiwa: anapanda gari la kwanza, anashuka sokoni, anakunywa chai, anarudi na gari lilelile. Akaongeza kwamba labda nimezoea kutikiswa kiasi kwamba kitanda kinaniumiza. Hilo la mwisho lina ukweli kidogo. Mengine nayaandika hapa, maana nikisimulia kijiweni sifiki katikati kabla simu ya mtu haijalia.

Kwanza, mimi si mzee kwa miaka. Sijafika hamsini. Kilichostaafu ni mgongo, nao umestaafu mapema kwa sababu uliajiriwa mapema. Nilimaliza kidato cha nne, nikashika usukani, na tangu hapo sikukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuona mpapai nilioupanda ukizaa. Nimeendesha lori la tumbaku Ushetu. Nimebeba abiria wa Songwa waliokuwa wakichekecha makinikia ya almasi na kurudi nyumbani weupe kama waliochovywa kwenye unga. Nimeendesha Mwanza. Nimeendesha jiji kubwa la pwani. Kila nilikotoka nilipakumbuka, na kila niliporudi nilikuta nilichokikumbuka kimebomolewa na kujengwa nyumba ya wageni.

Geita niliendesha basi la wafanyakazi wa mgodi. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza gari linaloondoka kwa saa. Asubuhi unapuliza kipimo cha pombe, unafunga mkanda, unakagua tairi mbele ya msimamizi, kisha saa ikifika unaondoka, uwe na watu thelathini au wawili. Siku yangu ya kwanza nilimsubiri jamaa aliyekuwa akikimbia huku ameshika buti mkononi. Msimamizi hakugomba. Alinielekeza kwa kidole waliokaa nyuma yangu, akasema, "Hawa nao waliamka mapema." Basi.

Lakini nje ya geti kulikuwa na akina mama waliokuwa wakiwapikia wachimbaji wadogo. Dhahabu iliyotoka pale ilipanda ndege na kwenda kupangiwa bei kwenye nchi ambazo sisi tunazisikia redioni. Akina mama wale walisimama barabarani na masufuria yao wakisubiri lori lolote lenye huruma. Niliwapita kila siku na viti vitupu, kwa sababu kanuni ilisema basi ni la wafanyakazi. Nilizoea. Mtu huzoea, ila kuna vitu ukishavizoea vinaanza kukuchosha bila kujua vinakuchosha wapi.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mzee Nkwabi, ambaye wengi wenu mmelikuta gari lake tu. Alikuwa mfupi, anakaa juu ya mto wa sufi ili aone barabara, na hakupokea nauli ya mtu kabla ya kumsalimia. "Mwangaluka, mayu," anamwambia kila mama wa makamo anayepanda asubuhi, na anasubiri ajibiwe. Kondakta akimharakisha anamwambia, "Wewe unahesabu vichwa. Mimi napokea watu."

Alinifundisha mambo ambayo bado yanafaa. Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi wa mbugani, usitazame alama za tairi za aliyekutangulia. Shuka, tembea kwa miguu. Kiatu kikinyanyuka na udongo wa ukubwa wa sahani, gari halipiti, rudi. Tairi ligonge kwa mti mgumu, usilipige teke. Teke linakwambia kwamba wewe una nguvu, mti unakwambia kwamba tairi lina upepo. Mzee akipanda, usiachie klachi mpaka makalio yake yaguse kiti. Na anayekaa mbele na wewe usimwache asinzie, maana usingizi unaambukiza kuliko mafua.

Hili jina mnaloliandika kwenye kioo cha gari, Kwa Ndama, lilitoka kwake pia. Enzi hizo hapa palikuwa pori na kona. Siku moja ndama alilala katikati ya barabara. Kondakta akashuka na fimbo. Mzee Nkwabi akazima injini.

"Mwache. Huyo ana mwenyewe."

"Mzee, tumsubiri ndama?"

"Tunamsubiri mwenyewe. Ndama hana haraka."

Mahali pengine abiria wangelalamika. Hapa kwetu waliteremka wote, wakamzunguka, wakaanza kubishana rangi ya mama yake na zizi alikotoka. Mmoja akasema ni wa upande wa mashariki, mwingine akasema pembe zikiota tutajua. Mwenyewe alipotokea shambani, alikuta mnada mzima umesimama juu ya ndama wake. Tulichelewa sana. Tangu siku hiyo mtu akitaka kushuka kwenye ile kona anasema, "Niache kwa ndama." Sasa kuna maduka, kuna msikiti, kuna kanisa, kuna kijiwe chenu, na ndama nadhani aliliwa zamani.

Sasa nije kwa Mama Limi, maana ndiye ninayemwandikia hata kama barua ni yenu.

Mnamfahamu: yule mama wa nyanya sokoni Nyasubi, anayetembea akiburuta mguu wa kulia. Alikuwa amepanga chumba karibu kabisa na soko. Mwenye nyumba akaamua kujenga ghorofa, kila aliyepanga akatafuta pa kwenda. Mama Limi akachukua alichokuwa amejiwekea akanunua kiwanja huku Kwa Ndama, akainua chumba kimoja cha tofali za kuchoma. Kiwanja cha kwanza cha jina lake mwenyewe, baada ya ndoa mbili.

Tatizo ni nyanya. Mzigo unashushwa sokoni alfajiri na unagawanywa hapohapo. Wanaowahi wanachagua matenga mazuri. Anayechelewa anapewa yaliyokaa chini ya mengine, yaliyopondeka, na siku yake imeisha kabla haijaanza. Akichelewa mara nyingi, meza yake anapewa mwingine. Mwanzoni alipanda bodaboda. Asubuhi moja ya mvua boda iliteleza, goti likaumia, na tangu hapo goti halikunjiki. Hawezi tena kukaa kwenye pikipiki, na bajaji za huku hazitoki kabla ya jua. Kwa hiyo alibakiwa na mambo mawili: apate gari linalofika Nyasubi alfajiri, au auze kiwanja arudi kupanga. Hakukuwa na la tatu.

Wakati huohuo mji wetu ulikuwa umeanza kuota kuwa jiji. Kahama ilikuwa ikipanuka kila upande, mabango yakisema mji wa dhahabu, mji wa kimataifa, na kila mkutano ulikuwa na mtu wa kusimama na kusema kwamba dunia inatujua. Nami nilisimama nyuma ya mikutano hiyo kama dereva, nikawaza kwamba dunia inatujua, sawa, ila mtu wa Kwa Ndama hajui atafika mjini saa ngapi.

Ndipo ikaja kampuni moja, sitaitaja, na mabasi mawili mapya ya mjini kwa majaribio. Nyasubi mpaka Kwa Ndama, kwenda na kurudi. Yakipata abiria yanabaki na kuongezwa, yasipopata yanaondoka. Niliajiriwa kuendesha moja, Mzee Nkwabi akawa mshauri wa njia, na msimamizi alikuwa dada mmoja aliyesomea mambo ya usafiri wa miji, Bi Rehema. Alikuja kijiweni hapa, akaketi kwenye benchi lenu, akaeleza.

Mama Limi alikuwepo. Akauliza, "Litaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu, mama."

"Likijaa."

"Hata lisipojaa."

Mama Limi akamtazama vizuri. "Mwanangu, hilo ni gari au ni saa ya ukutani?"

Watu wakacheka, na Bi Rehema naye akacheka. Kisha akasema kitu ambacho mimi nilikijua tangu Geita lakini sikuwahi kukisema. Alisema miji mikubwa anayoijua yeye haikufanywa mikubwa na maghorofa. Mtu asiye na gari anatoka nyumbani akijua gari litakuja, halafu anafika. Mzee Nkwabi akanong'ona kwamba huyu binti anaongea vizuri lakini hajawahi kulipa mafuta. Wote wawili walikuwa na haki yao.

Alfajiri ya kwanza niliwasha injini hapa Kwa Ndama. Taa zinawaka ndani, viti vipya, harufu ya plastiki. Watu walikuwepo, kama kumi na kitu, wamesimama kando. Hakupanda hata mmoja. Saa ikafika, nikaondoka na upepo.

Siku ya pili vivyo hivyo. Ya tatu pia.

Mnajua kwa nini, maana mmelelewa kwenye desturi hiyohiyo. Kwetu gari linaondoka likijaa. Kwa hiyo ukiliona tupu unajua halitaondoka leo wala kesho, na mtu mwenye haraka hawezi kuwa wa kwanza kukaa ndani ya gari tupu akafungwa humo. Unasimama nje, unasubiri wenzako watano waingie, ndipo na wewe uingie. Wenzako nao wanakusubiri wewe. Halafu gari linaondoka kweli, tupu, mbele ya macho yenu. Hapo mnaelezaje? Niliyasikia maelezo yote dirishani. Wengine walisema linapelekwa gereji. Wengine walisema limekodiwa, linakwenda kuchukua watu wa msiba. Kule mbele mzee mmoja akiwa na baiskeli aliteremka, akavua kofia, akasimama mpaka nikapita. Nikamwinulia mkono kwa heshima. Ningefanya nini?

Bi Rehema alianza kukonda. Mzee Nkwabi akaja na dawa.

"Watu hawapandi gari tupu," akasema. "Basi lisiwe tupu."

Akaenda kuchukua wapiga debe wa stendi, wale wanaolipwa kukaa kwenye mabasi ya mikoani ili yaonekane yamekaribia kujaa, kisha wanashuka abiria wa kweli wakifika. Kazi hiyo mnaijua, na baadhi yenu mmeifanya. Siku ya kwanza walikuja watatu, wakakaa, na kweli abiria wawili wakaingia. Tatizo ni kwamba viti vilikuwa laini. Kesho yake wale watatu wakaja na jamaa zao, keshokutwa jamaa wakaja na jamaa zao, wengine wakavua viatu. Watu wa Kwa Ndama walipofika wakachungulia, wakasema, "Limejaa hili," wakaenda kutafuta usafiri mwingine. Nikaondoka na gari limejaa watu ambao hawaendi popote. Kwenye kona ya kwanza wakashuka wote kwa pamoja. Wakabaki abiria wawili wa kweli, mtu na mkewe, wameshikana.

"Dereva," yule mume akaniuliza, "wale walikuwa watu?"

Bi Rehema alipogundua, alimshika mmoja mlangoni. "Kaka, wewe unakwenda wapi?"

"Kona."

"Kona ipi?"

"Hiyo ya kwanza, dada. Nikichelewa kushuka nitakosa kurudi kulala."

Alikaa kwenye ngazi ya basi akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akapiga marufuku. Mzee Nkwabi hakununa. Alisema tu kwamba nyavu zake zilikuwa nzuri, ila samaki walikuwa wengi mno.

Majaribio yalikuwa yamebakiza muda mfupi. Kila alfajiri Mama Limi alikuwa anasimama palepale na beseni lake, analitazama basi ambalo ndilo lingeweza kumwokoa, na hapandi. Likiondoka anapanda guta la mtu anayebeba mchanga, anafika jua limeshatoka, anachukua nyanya za chini. Asubuhi moja Bi Rehema alishuka akamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, wewe unalihitaji hili gari kuliko mtu yeyote hapa. Mbona hupandi?"

"Nitapanda watu wakipanda."

"Nao nimewauliza. Wanasema watapanda watu wakipanda."

Mama Limi aligeuka. Akawatazama wenzake, wote majirani, wote anawajua kwa majina ya watoto wao. Nilimwona kwenye kioo akifikiri. Kisha akanyanyua beseni, akapandisha mguu mzima, akauvuta ule mbovu, akakaa kiti cha dirishani nyuma yangu. Hakuhubiri, hakumwita mtu. Alikaa tu, uso nje, ambapo taa ilimmulika.

Mama mmoja akasogea. "Mama Limi, humo ndani kuna nini?"

"Kuna viti."

"Linaondoka?"

"Mimi naonekana mtu wa kupoteza asubuhi?"

Hilo ndilo jambo ambalo wapiga debe wetu hawakuwa nalo. Kila mtu pale alijua Mama Limi hawezi kuchezea alfajiri. Akiwa amekaa ndani, gari linaondoka. Wakapanda wawili. Saa ikafika, nikaondoka na watatu, na siku hiyo alipata tenga la juu. Alinipitishia nyanya nne dirishani, akashukuru, "Wabeja, dereva," akaenda zake. Kesho yake walipanda zaidi. Wiki ya mwisho watu walikuwa wanasimama, na kule njiani watu wakaanza kutoka majumbani dakika chache kabla hatujapita, wakiwa wamefunga milango kabisa, hawana wasiwasi. Yule mzee wa baiskeli naye alipanda. Nilimuuliza kofia yake iko wapi. Akasema msiba umekwisha.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Lakini nimeshaendesha miaka mingi.

Mwenye mabasi alipiga simu. Kwenye lile jiji kubwa la pwani kulikuwa na mkutano mkubwa, wageni wanatoka dunia nzima, na magari mapya ya kuwabebea hayatoshi. Mabasi yetu mawili yaende, mkutano ukiisha yatarudi. Bi Rehema alibishana kwenye simu akizunguka basi, anazunguka tena, kama anayetafuta tairi lililopasuka. Mwisho alikuja kwangu akasema, "Kaka Maganga, yanakwenda." Nikajitolea kuendesha moja. Miguu yangu ilikuwa imeanza kuwasha, nisidanganye. Mahali papya huniita hata kama sipendi ninachoitiwa.

Huko nilibeba wageni kutoka hotelini kwenda ukumbini. Ukumbi ulikuwa na picha kubwa za jiji, na wasemaji walisema jiji lile sasa linatajwa pamoja na majiji ya dunia. Sina ubishi. Lina barabara zake za mabasi, lina meli, lina taa usizoweza kuhesabu. Lakini ili sisi tupite, barabara ilifungwa, na nyuma ya kamba watu walisimama wakisubiri magari yao yaruhusiwe. Walikuwepo akina mama wenye mabeseni. Sura zao nilizifahamu ingawa sikuwahi kuwaona. Nilipita mbele yao na wageni wanne kwenye basi la watu arobaini, kiyoyozi kinanguruma. Basi tupu tena. Ila huko hakuna aliyesema linapelekwa gereji.

Mkutano uliisha. Mabasi yakapakwa rangi nyingine, yakapewa njia nyingine mlemle jijini. Nikachukua begi langu nikarudi Kahama kama abiria. Bi Rehema alikuwa ameshapelekwa mji mwingine. Siku anaondoka alimwachia Mzee Nkwabi ujumbe anifikishie: magari yakiondoka, saa isiondoke.

Nilimkuta Mama Limi amekaa mlangoni kwake na dalali wa viwanja. Dalali anapima kwa hatua, anasema pembe hii imepinda, anashusha bei. Mama Limi anachambua mchicha. Nilisalimia, nikasubiri yule mtu amalize kutembea.

"Unauza?"

"Nauza. Nirudi mjini nikapange. Miguu ya watu wengine inawaruhusu kuota, wangu unaniruhusu kuuza nyanya tu."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Nkwabi. Alikuwa na hiace yake kuukuu imeegeshwa, kuku wanalala ndani. Nikamwambia naitaka. Akaniuliza nitaiendesha namna gani. Nikasema kwa saa. Akaupapasa mto wake wa sufi mapajani.

"Itaondoka tupu."

"Itaondoka tupu."

"Mafuta yangu."

"Mafuta yako, mzee."

"Ondoa kuku kwanza," akasema.

Vijana, hii ndiyo sehemu ya kazi niliyotaka muishike. Wiki za mwanzo niliondoka hapa na Mama Limi na mtu mmoja au wawili, na Mzee Nkwabi alinitazama kama mtu anayemwagia mchanga maji. Lakini gari linalojulikana saa yake halijai kituoni. Linajaa njiani. Mwalimu anatoka kwake anakukuta. Muuguzi anatoka zamu anakukuta. Ukifika Nyasubi hakuna kiti. Wewe unayesubiri lijae hapa unapakia watu wa hapa tu, na wale wote wa njiani unawakuta wameshaondoka na boda, maana hawajui utapita lini. Haikuwa haraka. Ilichukua muda wa kutosha kumfanya Mzee Nkwabi aniite majina ambayo sitayaandika. Kisha siku moja aliacha. Dalali aliacha kuja. Mama Limi akainua chumba cha pili.

Nimeiendesha saa ile mpaka mgongo ukakataa. Mzee Nkwabi alishafariki, watoto wake wakamkabidhi gari Sele, mwenzenu wa hapa kijiweni. Sele, wewe ni dereva mzuri. Unashika breki mapema, husukumi watu, na bibi yako alikuwa mfanyabiashara wa Nyasubi aliyeheshimika. Lakini unasubiri lijae.

Ndiyo maana napanda. Sina shughuli Nyasubi. Nakaa kiti cha dirishani nyuma yako, kwenye taa, Mama Limi anakaa pembeni yangu, na tukishakuwa wawili, wa tatu anakuja, wa nne anakuja, na wewe unaona aibu kidogo kutusubirisha, unaondoka. Mimi ni mpiga debe, sasa mmejua. Tofauti ni kwamba sishuki kona.

Wiki iliyopita mgongo ulinilaza. Nikasikia injini yako kutoka kitandani, Sele, ikiunguruma, ikiunguruma. Jua lilianza kuingia dirishani ndipo nikakusikia unaingiza gia. Jioni Mama Limi alipita na uji. Beseni lake lilikuwa na nyanya zilizopasuka, za kuuzia mchuzi. Hakusema neno juu yako. Aliniuliza tu kama yule dalali bado anakaa upande wa msikiti.

Ndipo nikakuita. Ukaniambia, na ulikuwa na haki, "Mzee Maganga, ni rahisi kusema. Mafuta si yako, gari si lako, na watoto wa marehemu wanataka hesabu kila jioni."

"Njiani watu wapo."

"Siku hizi wanachukua boda."

"Wanachukua boda kwa sababu hawaijui saa yako. Wape muda."

"Na nisipopata?"

"Utatukanwa. Mimi nilitukanwa na mtu ninayempenda."

Ukacheka, ukafuta kioo ambacho kilikuwa kisafi. "Nitajaribu, mzee."

Nimelisikia neno hilo kwenye stendi nyingi, kuanzia Ushetu mpaka pwani. Sikulaumu. Lakini siwezi kukaa hapa kulilinda. Kuna ndugu yangu upande wa Songwa ameniita nikapumzike kwake, na kwa kweli miguu imeanza tena. Kabla sijarudi sikuwahi kukaa mahali pamoja muda mrefu hivi, na kilichonizuia kuondoka si mgongo. Ni kile kiti.

Kesho asubuhi nitachukua basi la upande wa pili. Hamtaniona dirishani. Mama Limi atakuja na beseni lake, atapandisha mguu mzima, atauvuta ule mbovu. Labda atakuwa peke yake. Hatakwambia kitu, Sele. Si mtu wa kuomba. Ataangalia mbele.

Saa ikifika, kiti changu kitakuwa tupu. Usikisubiri kijae. Ondoka nacho hivyohivyo.